Bia Sita Katika Kibuyu Kimoja

Mwaka niliomaliza chuo kikuu nilipata kazi Timau, katika maabara ya shamba kubwa la mboga, na baba akasema siendi. Hakusema kwa ukali. Alisema mchumba wangu anafundisha shule ya huko huko, na binti wa mzee wa kanisa hawezi kwenda kukaa mji mmoja na mchumba wake kabla watu wa kwao hawajaleta pombe na pombe hiyo ikapokewa. Nilimwuliza pombe inahusiana vipi na maabara. Akasema haihusiani na maabara, inahusiana na yeye.

Kazi ilikuwa ianze Jumatatu. Wakwe walikuwa waje Jumamosi. Mambo yakiharibika wangerudi baada ya msimu wa kahawa, na hakuna shamba la mboga ambalo lingemngoja mtu hadi sisi watu wa Kanja tumalize kuchuma kahawa yetu. Kila mtu nyumbani alilijua hilo. Walilolijua zaidi ni uso wangu.

Uso wangu hausikii amri. Nikiwa darasa la sita mwalimu alinitoa nje kwa jinsi nilivyokuwa nikimtazama akieleza kitu. Sikuwa nimesema neno. Kanisani mhubiri mmoja alisimamisha mahubiri akaniuliza kama ninaumwa. Chuoni rafiki zangu walikataa kucheza karata nami kwa kunihurumia, kisha wakakubali, kisha wakaanza kunitafuta.

Kwa desturi ya kwetu, msichana huitwa mbele ya wazee akapewa pembe ya ng'ombe iliyojazwa pombe waliyoleta wakwe. Hunywa kidogo, halafu humpa baba yake. Baba akishakunywa, maneno yamekwisha. Msichana mwenyewe haulizwi kitu. Hutazamwa. Akinywa kwa uso mkunjufu, amekubali. Akikunja uso, amekataa, na wakwe hubeba pombe yao wakarudi nayo.

Nilimwuliza shangazi, dada wa baba, ambaye kazi yake siku hiyo ingekuwa kunitazama: "Si mngeniuliza tu?"

"Ukiulizwa utajibu," alisema. "Na wewe ukianza kujibu, tutalala hapa."

Kwa miaka mingi desturi hii haikumsumbua mtu, kwa sababu ilikuwa imeshahamia kwenye soda. Zamani ilikuwa pombe ya asali. Makanisa yalipopata nguvu katika vijiji vyetu watu waliacha pombe lakini hawakuacha pembe, kwa hiyo wakwe walileta kreti za soda, soda ikamiminwa ndani ya pembe, wazee wakaiita pombe, msichana akanywa, na hakuna aliyekunja uso kwa sababu ni vigumu kukunjia uso soda ya machungwa. Nilipokuwa mdogo niliuliza kwa nini wanaiita pombe na mimi ninaijua. Niliambiwa ninywe yangu.

Aliyeharibu mpango huo ni baba mkubwa, kaka wa baba, ambaye ndiye msemaji wa nyumba yetu. Watu wa mchumba wangu walipokuja mara ya kwanza kutoka Kanyakine na kreti zao, alizitazama akasema ndoa ya soda huisha gesi. Alikuwa amewaoza binti zake wawili kwa soda na wote wawili walikuwa wamerudi nyumbani. Nilimkumbusha kwamba yuko wa tatu, naye aliolewa kwa soda, na anaishi vizuri na mume wake.

"Ngoja," alisema baba mkubwa.

Basi wakaambiwa waende na warudi na pombe yenye asali. Hapo baba alipatwa na shida ambayo hakuisema. Hakuwa ameonja pombe tangu aokoke, kabla sijazaliwa. Siku moja wakila chakula cha mchana alimwambia kaka yake kwamba labda yeye ataigusisha mdomo tu. Baba mkubwa alijibu kwamba pembe haiguswi, hunywewa, na akaomba aongezewe mboga. Baada ya hapo baba alianza kupiga viatu vyake rangi kila jioni, hata ambavyo havikuwa na safari.

Upande wa Kanyakine nao walikuwa na shida yao. Asali haikuwa taabu kupata. Taabu ilikuwa kupika pombe nyumbani bila chifu kupata habari, na mama wa mchumba wangu ni kiongozi wa akina mama kanisani, asingekubali kibuyu kichachuke chini ya paa lake. Ndipo mchumba wangu akamkumbuka mwenzake wa chuo aliyekuwa akifanya kazi Nairobi, katika kiwanda kidogo kinachotengeneza bia za aina aina, kila aina na picha yake kwenye chupa. Huyo rafiki alimtumia boksi la mchanganyiko: aina sita, chupa nne nne.

"Kuna moja ina asali," mchumba wangu aliniambia kwenye simu, kwa sauti ya mtu aliyepata jibu la hesabu.

"Na zile zingine tano?"

"Hizo ni za kusindikiza."

Sikuona tatizo. Kama soda iliweza kuwa pombe, niliona pombe nayo ina haki ya kujaribu.

Jumamosi waliingia mapema, wakaketishwa sebuleni. Mimi nilikuwa chumbani na shangazi, kama inavyotakiwa. Ukuta wa chumba hicho ni wa mbao na haufiki darini, kwa hiyo msichana anayefichwa husikia kila neno, na nadhani ndiyo sababu hakuna aliyewahi kuumalizia. Shangazi alikuwa ameshanipa somo la uso tangu asubuhi.

"Ukinywa, fikiria chai."

"Nikifikiria chai halafu ikaja pombe, si nitashtuka zaidi?"

"Basi usifikirie kitu."

Hilo sijawahi kuliweza.

Msemaji wa upande wao alikuwa baba mdogo wa mchumba wangu, mkulima wa majani chai, mtu mnene mwenye maneno mengi. Nilimsikia akiweka boksi mezani na kusema kwamba wameleta walichoagizwa. Baba mkubwa akaomba lifunguliwe. Chupa zikagongana.

"Hizi ni pombe ngapi?" baba mkubwa aliuliza.

"Ni boksi moja, mzee."

"Nimeuliza pombe, sikuuliza boksi. Hii ina picha ya ndovu. Hii ina picha ya mzee na pikipiki. Hii ni nyuki."

"Hiyo ya nyuki ndiyo ya asali," mchumba wangu alisema upesi.

"Kijana, wewe umekuja na mtu wa kukusemea. Mwache aseme."

Anayeleta pombe huionja kwanza mbele ya wenyeji, wajue hakuna sumu. Kwa pombe moja ni jambo la dakika moja. Kwa pombe sita, baba mkubwa aliamua, ni lazima kila moja ionjwe, na kwa kuwa wenyeji hawaruhusiwi kuonja kabla ya msichana, mwonjaji atawaeleza. Hivyo baba mdogo wa mchumba wangu, ambaye maisha yake yote alikunywa bia ya aina moja na alikuja akidhani kazi yake ni kusema habari za mbuzi wa mahari, akajikuta anaonja bia mbele ya wazee wa watu na kuzieleza moja baada ya nyingine.

Akafungua ya ndovu. Nilisikia akimeza. Kisha akakohoa.

"Hii ni chungu."

"Chungu kama nini?"

"Kama dawa ya malaria. Ile ya zamani, ya kutafuna."

"Na hapa mnamletea nani, nani mgonjwa?"

Watu wakacheka. Akafungua ya pili, ambayo ilikuwa nyeusi.

"Hii ni kama kahawa. Kahawa iliyoungua."

"Sisi hapa ni wakulima wa kahawa," baba mkubwa alisema. "Mmetoka Kanyakine kutuletea kahawa, tena iliyoungua."

"Haikuunguzwa na sisi, mzee."

Ya tatu ilikuwa ya ngano na haikuwa imechujwa. Hiyo ilipata heshima kidogo. Nilisikia chupa ikizungushwa na wazee wakisema unaona, ina kitu ndani, na baba mkubwa akieleza kwamba pombe ukiweza kuona upande wa pili hayo ni maji. Ya nne ilikuwa na maembe.

"Maembe na pombe katika chupa moja?"

"Ndivyo wamefanya."

"Hawa watu hawana mahali pa kula maembe?"

Ya tano alipoionja aliirudisha mezani kwa kishindo. "Hii imeharibika," alisema. "Samahani sana, wazee. Hii itoeni."

"Haijaharibika, Baba Mdogo," mchumba wangu alisema, akisahau alivyoonywa. "Ni chachu. Wameifanya hivyo makusudi."

"Makusudi?"

"Ndiyo."

"Na wanauza?"

"Hiyo ndiyo ghali kuliko zote."

Shangazi aliyekuwa akinifunga leso mabegani alisimamisha mikono. Mimi nilikuwa nimesoma kemia na ningeweza kueleza kwa nini mtu angetaka bia iwe chachu, lakini kwa kweli sikuwa na hakika kwamba maelezo yangu yangesaidia, na mpaka leo sina.

Kisha ikafunguliwa ya nyuki.

"Asali iko," alisema baba mdogo. Ulimi wake ulikuwa umeanza kuwa mzito. "Iko mbali. Lakini iko. Nimeiona ikipita."

Niliposikia hivyo nilishusha pumzi. Niliona mambo yamekwisha: wangenipa ya nyuki, ningekunywa kidogo, ningempa baba. Sikuwa nimewahesabia wazee kanuni zao.

"Msichana atakunywa ipi?" aliuliza mzee mmoja.

"Ya asali," alisema baba mdogo.

"Akinywa ya asali, hizi tano amezikataa. Zimeletwa kwa jina lake na hakuzionja."

"Basi anywe zote sita."

"Kwa pembe ngapi? Akikunjia moja uso na tano asizikunjie, amekubali au amekataa?"

Walilijadili hilo kwa makini ambayo sikuwahi kuiona katika darasa lolote la chuo. Likaja swali la pili, zito zaidi. Baada ya baba, pembe huzungushwa kwa wazee wote, na wote hunywa kitu kimoja, maana wakinywa vitu tofauti hawakushuhudia jambo moja. Chupa za asali zilikuwa nne tu.

"Mzee atakayepewa ya maembe," alisema mmoja, "atajua hapa hahesabiwi."

Hapo baba mkubwa akatoa uamuzi. "Asali imo?"

"Imo, katika moja."

"Zikichanganywa itakuwa katika zote."

Nilisimama. Shangazi akanikalisha. "Wanaziharibu," nilimwambia. "Hizo hazichanganywi. Hata aliyezitengeneza hawezi kuzichanganya."

"Aliyezitengeneza haolewi leo," alisema shangazi.

Pombe ya ndoa haitoki kwenye sufuria wala kwenye ndoo. Hutoka kwenye kibuyu, na baba mkubwa alikuwa amekuja na kibuyu chake, kirefu, chenye shingo nyembamba, ambacho hakikuwa kimetiwa kitu tangu enzi za baba yake. Pombe ya asali haina haraka, huingia kibuyuni na kukaa. Bia ya chupa ina gesi. Nilijua kitakachotokea na sikuwa na ruhusa ya kusema. Walimimina ya ndovu, wakamimina nyeusi, wakamimina ile ya ngano juu yake, na nikasikia sauti kama ya maziwa yanapofikia kuchemka, halafu viti vikisukumwa, halafu baba mdogo akisema, "Mzee, koti lako." Povu lilipanda shingoni mwa kibuyu likamwagika kwenye magoti ya baba mkubwa na likaendelea.

"Inachemka bila moto," mtu alisema kwa heshima.

"Ina nguvu," alisema baba mkubwa. "Leteni kitambaa, na msisimame. Mimineni."

Waliporidhika niliitwa. Nilitoka nikiwa na leso mabegani na kichwa nimekiinamisha, kama nilivyoelekezwa, nikaona kwanza viatu vya baba vikimetameta, halafu sakafu iliyolowa. Mchumba wangu alikuwa ameketi pembeni kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani alioufanya bila kusoma. Baba mkubwa akamimina. Kilichotoka kilikuwa na rangi ya maji ya mto baada ya mvua. Akanipa pembe.

Pembe haina tako. Ukishaishika iliyojaa, huwezi kuiweka chini ukafikiri. Ni ama unywe au umpe mwingine. Nilimwona shangazi akisogea mahali ambapo angeniona vizuri. Nilikuwa nimekunywa bia chuoni, jambo ambalo hakuna aliyelijua nyumbani, na nilidhani hiyo ingenisaidia. Nikanywa.

Kwanza ulikuja uchungu wa dawa. Uchungu haukuwa umeondoka kahawa ilipofika, na kahawa haikuwa imekaa sawa embe lilipoingia katikati kama mgeni aliyekosea harusi. Halafu ule uchachu ukavikusanya vyote na kuvibana nyuma ya taya. Asali sikuiona hata ikipita.

Nilijaribu. Nataka ieleweke kwamba nilijaribu. Nilisikia paji la uso likianza, nikalizuia, na wakati ninalizuia pua ikaenda, na macho yakafuata.

"Amekunja," shangazi alisema. Hakusema kwa furaha, lakini alisema.

"Nimeona," alisema baba mkubwa.

"Wazee," baba mdogo wa mchumba wangu alisema akisimama kwa shida, "mimi nimekunja uso mara sita hapa mbele yenu na hamkusema kitu."

"Wewe huolewi."

"Amekunjia pombe! Hakumkunjia kijana!"

"Pombe ni ya nani?"

"Yetu."

"Basi."

Nilikuwa bado nimeshika pembe. Nilifikiria Jumatatu. Nilifikiria meza ya maabara ambayo mtu mwingine angekalishwa, na mchumba wangu akirudi Timau peke yake, na hawa wazee wakija tena baada ya kahawa kunitazama uso huu huu, ambao kufikia wakati huo usingekuwa umejifunza lolote. Kusema sikuruhusiwa. Lakini nilipopitia kanuni zote nilizosikia tangu asubuhi, sikupata inayosema msichana akishakunja uso aache kunywa.

Nikanywa tena.

"Anafanya nini?" aliuliza baba mkubwa.

"Anakunywa," alisema shangazi.

"Si amekataa?"

"Anakataa akinywa."

Uso ulijikunja zaidi na mimi nikauacha ufanye ulivyotaka. Niliinua pembe. Machozi yalikuwa yakinitoka, na nadhani nilitoa sauti. Nilisikia wazee wakinong'ona, mmoja akisema hajawahi kuona kitu kama hicho, mwingine akisema mtu hawezi kukimaliza kitu anachokikataa, wa tatu akisema mke wake alimkataa hivyo hivyo na wametimiza miaka thelathini, na akaambiwa anyamaze. Sikuishusha pembe mpaka ilipokuwa nyepesi mkononi. Kisha nikapiga magoti mbele ya baba nikampa.

Baba aliipokea kwa mikono miwili. Akatazama ndani. Akatazama kwa muda, kwa sababu pembe ni nyembamba mwishoni na mtu hutaka kuwa na hakika. Halafu akaiinua hadi mdomoni, akaiinamisha kabisa, akaikalisha hapo kwa adabu zote, akaishusha, akatoa leso mfukoni na kupangusa midomo iliyokuwa mikavu.

"Nimepokea," alisema.

"Haina kitu!" alisema baba mkubwa.

"Ilikuwa nacho. Kimenywewa na mtu wa nyumba hii. Nimepewa pembe na binti yangu, nimeinywa. Kilichokuwemo nimekipokea."

Nilimwona baba mkubwa akiitazama pembe, kisha mimi, kisha kibuyu alichokuwa amekishika katikati ya magoti yaliyolowa. Kama nimekataa, kibuyu kingemiminwa chote kwenye vyombo vya wakwe kikarudi Kanyakine. Kilikuwa bado kizito. Chini ya meza kulikuwa na chupa ambazo hazijafunguliwa.

"Jazeni," alisema hatimaye. "Izungushwe."

Ilizungushwa. Kila mzee alikunywa, kila mzee alikunja uso, na kila mzee alipomaliza aliuliza kama itamfikia tena. Shangazi aliacha kutazama nyuso. Baba mdogo wa mchumba wangu alianza kuwaeleza waliokuwa karibu naye kuhusu ile chachu, kwamba ni makusudi, kwamba ndiyo ghali, na alieleza kama mtu aliyeisomea.

Mimi nilitoka nje nikasimama karibu na tangi la maji, nikinawa uso. Baada ya muda baba akaja. Alisimama kando yangu akitazama shamba la kahawa. Mimi huniita Mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake, na akitumia jina hilo huwa hatanii.

"Mama," alisema, "ilikuwa mbaya?"

"Mbaya sana, Baba."

"Na kijana?"

Nilimgeukia. Alinyoosha mkono kunizuia.

"Usinionyeshe uso. Nimeuliza. Sema kwa mdomo."

Nilifikiri kabla ya kujibu, kwa sababu tangu mambo haya yaanze hakuna aliyekuwa ameniuliza, na mwenyewe nilikuwa nimejiuliza mengi lakini si hilo. Nilimkumbuka akiongea bila ruhusa, akaonywa, na bado akaongea tena kutetea bia chachu.

"Namtaka," nilisema.

Baba alitikisa kichwa kukubali. Ndani walikuwa wamefika kwenye wimbo.

"Basi kapange nguo zako," alisema. "Chukua na yale masweta mazito. Timau kuna baridi."